Kwa Baba Shani, Anayegonga Nguzo za Watu Kibiti

Mume wangu, Baba Shani,

Sijui nianze na salamu ipi. Ya aliye hai ni nyingine na ya marehemu ni nyingine, na mpaka leo hakuna aliyeniambia nikupe ipi kati ya hizo. Basi chukua uitakayo. Sisi hatujambo. Shani ameng'oka meno mawili ya mbele na akicheka anaziba mdomo. Mama yako anakunywa dawa zake za presha bila ugomvi, jambo ambalo wewe hukuliweza. Mimi nimekonda, ila mdomo wangu ni ule ule, kwa hiyo ukinisikia utanijua.

Nakuandikia habari za nyumba. Naiandika barua hii hadharani, kila mtu aisome, kwa sababu sina pa kuituma. Nikiifunga kwenye bahasha nitaandika nini juu yake?

Unaukumbuka mchezo wetu? Kila tulipotoka kwetu Kiongoroni, kule Delta, kuja Kibiti kuuza ng'onda, samaki wetu wa kukausha, tukishamaliza, tulikuwa na saa mbili tatu za kusubiri gari la kurudi Nyamisati tukapande boti. Wenzetu walikaa stendi wanakula mihogo. Sisi tulizunguka mitaa kuchagua nyumba ambazo hatukuwa na uwezo wala mpango wa kuzipanga. Mimi nilipenda kando ya barabara kuu, mabasi ya kusini yakipita, redio za maduka, watu. Nikakwambia, "Hapa ndipo pa kuishi." Ukasema, "Hapa utalala na malori." Nikakujibu kwamba wewe umezoea kulala na kaa, ndiyo maana huelewi kitu. Ulicheka mpaka mama muuza machungwa akageuka kututazama.

Wewe ulikuwa na vituko vyako. Hukuwa ukitazama rangi ya ukuta wala bati. Ulikwenda kwenye nguzo ya baraza, ukaigonga mara tatu kwa mgongo wa panga lako, ukaweka sikio, ukafumba macho. Nikaona aibu. Nyumba ya mtu, mchana kweupe, mwanamume mzima kakumbatia nguzo! Ukaniambia mti hausemi uongo, kwamba ulio mzima unajibu na ulioliwa unanyamaza. Ndiyo kazi iliyokulea, kukata boriti kwenye mikoko, na mkata boriti asiyejua kusikiliza mti atamletea mteja takataka.

Mwaka ule wa kwanza wa ndoa ulinipakia kwenye mtumbwi ukanipeleka mtoni ndani, nikaone kazi yako. Mimi mtoto wa mashamba ya bondeni, wa upande wa Ndundu, nilijua mpunga na nyani tu. Ukanionyesha mkoko mnyoofu, umefungwa ukindu wa kusukia mikeka usawa wa kifua. Ukasema, "Huu una mwenyewe. Ukifungwa hivi, hata mwaka ukipita hakuna atakayeugusa." Nikakuuliza, "Na mimi ulinifunga wapi?" Kidogo uanguke majini kwa kicheko. Lile fundo nililitazama vizuri, kwa sababu wewe unatumia mkono wa kushoto na mafundo yako yanakwenda kinyume na ya wenzako.

Yaliyotokea baadaye unayajua wewe kuliko mimi. Ulitoka na maji ya asubuhi. Kesho yake wenzako waliukuta mtumbwi umefungwa vizuri kwenye mti, wali niliokufungia kwenye leso haujaguswa, na panga halipo. Walikutafuta siku nyingi, mto kwa mto. Hawakupata hata shati. Shekhe akaniambia mtu aliyepotea si maiti, eda usikae, na mume mwingine usimfikirie, subiri. Mama yako akakataa khitma isisomwe, akasema mwanawe yuko kazini. Nikawa sina jina. Mke si mke, mjane si mjane.

Kisha bahari ikamalizia uwanja wetu. Maji makuu yalipoingia mpaka kitandani, nilimchukua mama yako na Shani tukaja Kibiti kwa kaka yangu Athumani. Alitupa chumba kimoja na moyo wake wote. Wifi yangu naye alivumilia miezi mitatu, halafu akaanza kufagia kwa nguvu kila asubuhi mlangoni petu. Unamjua, hasemi, anafagia. Nikaelewa kwamba lazima nitafute nyumba, na lazima iwe nzuri, maana sasa nina mgonjwa na mtoto na hakuna wa kunisaidia nikikosea.

Nikaanzia barabara kuu, bila shaka. Mzee Gulamu, yule Mhindi wa duka la misumari na bati, ana nyumba ndogo nyuma ya duka lake. Amezaliwa hapa hapa na Kiswahili chake ni cha Kibiti kuliko changu. Alinifungulia mlango, akaniuliza kama wanavyouliza wote, "Bwana yuko wapi?" Nikasema amesafiri. Akanitazama kidogo, akasema:

"Mtu wa Delta?"

"Ndiyo."

"Basi si alishakuja? Mrefu, ana panga. Akagonga hii nguzo ya baraza, akaweka sikio, daktari kabisa! Nikamwuliza, bwana, unasikiliza nini? Akasema, nasikiliza kama mama atapata usingizi. Akasema hapana, malori mengi. Akaenda zake."

Nikamwuliza lini. Nilitaka aseme zamani, Baba Shani, miaka miwili, mitatu. Akasema, "Ijumaa hii iliyopita. Mimi natoka kuswali, yeye amesimama hapo." Akanionyesha sakafu. Kulikuwa na madoa ya tope lililokauka, jeusi kama la mikokoni. Udongo wa Kibiti ni mwekundu na wa mchanga, wewe unajua. "Nimepiga deki mara mbili," akasema, "harufu haitoki." Niliinama nikanusa. Ilikuwa harufu ya nguo zako ulipokuwa unarudi jioni nikikufokea uzivue nje. Nikakaa pale pale chini.

Nilipomsimulia wifi, akasema wazee huchanganya Ijumaa, na mjini wapo wengi wanaogonga nguzo. Nikamwambia anitajie mmoja tu. Akachukua ufagio.

Siku mbili baadaye nikaenda mtaa wa nyuma ya soko, kule bondeni, kwa Bi Hadija. Mtaa ule ungekupendeza, maana una minazi, kisima kiko karibu, kuna kivuli, na wanawake wanapika vitumbua barazani wakisutana tangu alfajiri. Nyumba ya udongo, ya zamani, pana, na boriti zake za mikoko nilizijua kwa rangi kwamba zimetoka kwetu. Nikamwuliza Bi Hadija kama kuna mwanamume aliyekuja kuitazama. Akasema hakuna. Nilipokuwa natoka ndipo nikaliona. Kwenye nguzo ya mlangoni, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, kumefungwa ukindu. Mbichi bado, wa kijani. Nikachuchumaa. Fundo linakwenda kinyume.

"Hee!" Bi Hadija akasema. "Nani kafunga uchafu huo mlangoni kwangu?"

Mimi nililia, Baba Shani. Nililia kwa furaha, niseme kweli. Sikujiuliza ulipitaje, na kwa miguu gani, na ukindu mbichi ulichuma wapi. Niliwaza jambo moja tu, kwamba umetuchagulia, kwamba hii sasa ina mwenyewe. Nikaichukua siku ile ile bila hata kuinua macho kutazama dari.

Jumamosi tukahamia. Nilitangulia na Shani na vyombo. Mtoto alikuwa na joto kidogo, nikamlaza chumba cha ndani, kile cha ubaridi. Mama yako alikuja alasiri kwa bajaji, amekumbatia mikeka yake, hataki dereva aishike. Akapokewa na majirani, akasalimiana nao, akafika mlangoni, akasimama. Nikamwambia karibu mama, ingia. Haingii. Anatazama chini.

"Nani kafunga hili?"

"Mwanao, mama," nikasema, na huku nacheka kwa raha. "Tazama fundo lenyewe."

"Kafunga mguuni."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Akasema taratibu, "Mama Shani, mti ukifungwa kifuani una mwenyewe. Ukifungwa mguuni umeoza ndani, mwenzako asiukaribie usije ukamwangukia. Mume wako hakukwambia?"

Hukuniambia. Ulinionyesha fundo moja tu, ukacheka, tukarudi nyumbani. Yeye mke wa mkata boriti na mama wa mkata boriti alijua, mimi wa mpunga ningejulia wapi?

Mama yako akaiangusha mikeka. Akaita, kwa sauti iliyonyamazisha baraza zote za jirani, "Shani! Toka nje! Toka sasa hivi!" Mtoto akatoka anafikicha macho, kavaa kiatu kimoja. Tukasimama uani. Majirani wanatutazama, Bi Hadija ameanza kucheka, mimi mwenyewe nimeona haya nikataka kumrudisha mtoto akalale. Nilimshika mkono nimwongoze ndani. Naapa, Baba Shani, nilikuwa nimeshapiga hatua mbili.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama gunia la mpunga likitupwa chini. Ukuta wa chumba cha ndani uliteleza wote kwa pamoja, ukalala juu ya kitanda, na vumbi likatoka mlangoni taratibu. Hakukuwa na mvua. Hakukuwa na upepo. Wanaume waliokuja kusaidia walipoipasua ile nguzo ya mlangoni, ndani hakukuwa na mti. Mchwa walikuwa wameula wote, kama nguzo za chumba cha ndani, wakaacha ganda, na kwenye ganda ndipo ukindu wako ulipokuwa umekaza. Bi Hadija aliulizwa na watu kama alikuwa akijua, akalia tu. Sikumlaumu.

Tulirudi kwa kaka. Kwa siku tatu wifi hakufagia. Mama yako alikaa na ule ukindu mkononi, na siku ya nne akasema, "Nilikwambia yuko kazini."

Nyumba ya tatu iko njia ya Mahege. Ni mbali kidogo, na ndiyo maana sikuitaka mwanzoni. Nyumba ya Mwalimu Salma, ya matofali, imekaa juu, imezungukwa na mikorosho. Mvua ikinyesha maji yanakimbia yenyewe. Shule unaiona ukiwa barazani, na zahanati mama yako anaifikia kwa miguu yake, akipumzika mara moja. Majirani wachache, hawana kidomodomo. Saa sita mchana ukikaa pale husikii ila majani. Mimi niliyetaka mabasi na redio, nilikaa kwenye ngazi nikasikia mwili wangu unatua.

Nikamwuliza Mwalimu Salma, "Hakuna mtu aliyekuja kuitazama kabla yangu?"

"Hajaja mtu."

"Mrefu? Ana panga?"

"Dada, hajaja mtu."

Nilimwuliza mara ya tatu mpaka akacheka, akaniuliza kwani namtarajia nani. Nikaizunguka nyumba. Nguzo za baraza ni za chuma. Nilizikagua moja moja, kifuani, mguuni, nyuma. Hakuna ukindu. Hakuna tope. Nikainama nikanusa sakafu, mwalimu wa watu ananitazama, ikanuka sabuni. Hapo ndipo nilipokukasirikia kuliko siku zote. Ya malori umefika, ya kuoza umefika, hii ninayoipenda hujatia mguu! Nililia kwenye ngazi za mtu nisiyemjua, na safari hii hayakuwa machozi ya furaha.

Lakini tukahamia. Nimeichagua mimi, kwa macho yangu na akili yangu, na kwenye karatasi mwalimu aliandika jina langu. Tuko pale tangu mikorosho ilipoanza kutoa maua. Mama yako analala. Shani anakwenda shule na kurudi na vumbi jekundu mpaka masikioni. Jioni natandika mkeka barazani, na kuna siku, niseme ukweli wote, kuna siku sikukumbuki mpaka wakati wa kula.

Ningeishia hapo kama ungekuwa umetulia. Hujatulia. Mzee Gulamu alimwambia kaka kwamba umerudi, umesimama pale pale barazani, ukamwuliza kama hana nyumba nyingine isiyo na malori. Nyuma ya soko watu wameamka wakakuta ukindu kwenye nguzo tatu, zote mguuni, na wenye nyumba wameanza kuzikagua dari zao kwa hofu. Mwanamke mmoja alikuwa anachambua mchele, akainua kichwa, akakuona umeweka sikio kwenye nguzo ya jiko lake, umefumba macho, nguo zinachuruzika maji, na jua linawaka. Anasema ulimwomba radhi, ukasema unatafuta kwa ajili ya mkeo. Sasa Kibiti nzima wanazungumza habari za mtu wa nguzo. Watoto wanatishwa kwa jina lako. Vijana wa stendi wamesema wakikuona watakurushia mawe waone kama yanapita.

Na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwa nini unazunguka.

Watu wanadhani tuliagana vizuri siku ile. Mama yako anadhani hivyo, nimemwacha adhani mpaka leo atakaposomewa barua hii. Asubuhi ile maji yalikuwa yameingia jikoni usiku wake, yamenilowesha unga wote. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, nimekwambia habari ya kuhama mara elfu na mara elfu umesema tutaona. Ulikuwa unanoa panga. Nikakufungia wali, nikakusukumia, nikasema, "Nenda. Na humu ndani usirudi mpaka umenipatia nyumba Kibiti." Ulifuta panga kwenye suruali, ukachukua wali, ukatoka. Kila siku nilikuwa nakusindikiza mpaka majini. Siku ile sikukusindikiza. Nilikaa jikoni nachota maji kwa kifuu, nikasikia kafi lako likigonga ubavu wa mtumbwi, nikanuna.

Ilikuwa hasira, Baba Shani. Hasira ya unga! Nani mwenye akili angelishika neno lile? Ni wewe tu. Wewe ukiambiwa leta chumvi unarudi toka mlangoni kuuliza chumvi ya mawe au ya unga. Nilikujua, na bado nilisema.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wengine mnaosoma. Mkimkuta barazani kwenu msimfukuze wala msimrushie jiwe. Hana ubaya, na ukindu akiufunga mguuni pa nguzo, mshukuruni, mtoeni mtoto ndani. Anayejua kusoma amsomee haya yanayofuata, kwa sauti, maana hakuwahi kuwa mzuri wa kusoma na atakuwa amezama kusikiliza nguzo.

Ukitoka stendi, acha barabara kuu mgongoni. Shika njia ya Mahege. Utapita kisima cha pampu, utapita msikiti mdogo wa rangi ya kijani, utaona mikorosho miwili imeegemeana. Nyumba ya pili mkono wa kulia, yenye mlango wa bluu. Hakuna cha kugonga pale, nguzo ni za chuma. Maji hayafiki. Mama yako ana chumba chake na anapata usingizi. Shani anacho chake. Jana mchana nimesimama mlangoni, nimemshika mtoto mkono, nikasema kwa sauti kwamba neno lile nimelirudisha kinywani mwangu, sikuwa na haki nalo, nisamehe.

Ukiwa hai, njoo hata sasa hivi, na matope yako, sitasema vua nje. Ukiwa umeshakwenda, nenda, tutakusomea khitma na mama yako atakubali, nitamwomba mimi. Lakini usizunguke tena kwenye jua la watu.

Nyumba imepatikana, mume wangu. Nimeipata mimi. Acha kutafuta.

Mkeo, mpaka nitakapoambiwa vingine,

Mama Shani